Mate ya Kushonea

Miaka thelathini nimetunga uzi kwa mate.
Nalamba ncha, nasokota, napenyeza,
na kofia za vito zikatoka Kibokoni
kwenda kukaa vichwani mwa maharusi.
Sikuwahi kuhesabu mate kuwa kitu.
Nani huhesabu mate?

Siku moja uzi ukagoma.
Niliulamba, ukabaki umetawanyika kama ndevu za mbuzi.
Niliulamba tena. Ulimi ulikuwa msasa.

Na mji huu si mkavu, asikudanganye mtu.
Hapa shuka hulala mbichi, chumvi huyeyuka kibwetani,
mwezi wa tano kiberiti hakishiki,
jasho hukuteremka mgongoni umekaa kitako.
Katikati ya unyevu wote huo
kinywa changu ni mfereji wetu wa Kuze:
waufungua, unakohoa upepo,
unakohoa tena,
kisha kimya,
hadi Mutuku apite na mkokoteni wa mitungi.

Mahamri, zamani, nilikula matatu huku nikisema.
Siku hizi nakata kipande cha ukucha,
nakizamisha kwenye mbaazi za nazi hadi kiogelee,
natafuna, kinageuka pamba.
Kidevu chini, alivyonifunza binti wa hospitali.
Funda la maji. Meza.
Ngoja.
Kimeshika hapa, chini ya koromeo.
Funda jingine.
Ngoja.
Wenzangu wameshaosha vikombe.

Harusini kwa kina Mwanamkuu tonge lilinikwama.
Nikapigwa mgongo, nikavuliwa mtandio,
na mmoja akanong'ona: pupa.
Pupa! Mimi, na tonge moja tangu sinia litue.
Wengine wakasema ni jicho.
Wakanisomea, wakaniandikia kombe,
nikalinywa, likapita vizuri sana.
Lilikuwa maji.

Dada yangu Nuru alipofariki sikutoa chozi.
Macho yaliwaka kama yametiwa mchanga,
nikayapepesa, nikayapepesa,
na nyuma ya pazia nikasikia: moyo wa jiwe huyo.
Watu hupenda kusema, "Nilimeza mate, nikanyamaza."
Mimi nilinyamaza tu.

Daktari wa Makadara alinitia karatasi chini ya kope.
Dakika tano tumekaa, twatazamana kama wachumba.
Karatasi ikatoka vile ilivyoingia.
Akasema askari wa mwili wangu wamegeuka,
wanavifukia visima walivyowekwa kuvilinda.
Nikamuuliza nani aliwapa amri.
Akatazama saa.
Jina la ugonjwa ni refu, la kigeni,
nimeliandika nyuma ya risiti ya stima.

Nikipita Marikiti penye embe mbichi za pilipili
taya hunivuta, hapa, nyuma ya sikio,
kwa kukumbuka.
Hakuna kinachokuja.
Na Ramadhani adhana huwafungulia wote;
mimi hubaki na tende yangu niliyoiponda kwa maziwa,
nikiila kwa kijiko kama mtoto wa miezi sita,
saumu yangu haijui magharibi.

Jana Tamima alinikuta nachovya uzi kikombeni.
Maji hayafai. Hulowesha, hayashikamanishi.
Mara saba nimekosa tundu la sindano,
ya nane nimejidunga.
Hakuuliza. Aliuvuta uzi mkononi mwangu,
akautia mdomoni wote, kidole na ncha,
akautoa mwembamba, unang'aa,
umenyooka kama alifu.
"Haya, Bibi."

Ulipita mara ya kwanza.
Niliinamia kofia. Nilitaka kulia, na unajua tena.
Yeye kasimama mbele yangu, kinywa wazi,
mate yamemjaa hadi kidevuni, hana habari nayo.
"Niupe mwengine?"
Ngoja, mwanangu, nikamwambia.
Huu ni mrefu.